Kubadilisha mbinu katikati ya mechi ya tenisi: kweli ipo au ni stori za watangazaji?

Mguu_wa_Kushoto #1

Wakuu habari za jioni. Mada hii najua itaniletea matusi ila potelea mbali.

Hii habari ya "amebadilisha mbinu" kwenye tenisi naona inakuzwa mno. Kila mtu akitoka nyuma seti mbili akashinda, mtangazaji anakwambia kausoma mchezo wa mwenzake, kaja na plani B, sijui kafanyaje. Ukiirudia ile mechi taratibu unakuta aliyekuwa anaongoza kakata pumzi, basi, hamna cha ziada.

Chukua fainali ya Australia 2022. Medvedev kabeba seti mbili, 6-2 na 7-6, ya tatu Nadal yuko 2-3 anasevu 0-40 (pointi moja tu apoteze gemu), watu washazima TV. Ikaisha 6-4, 6-4, 7-5 kwa Nadal, saa 5 na dakika 24. Roland Garros (French Open ya Paris) 2025 ndo usiseme, Alcaraz kashapigwa seti mbili kwa moja, ya nne yuko 3-5 anasevu 0-40, Sinner ana pointi tatu za ubingwa. Kombe kabeba Alcaraz baada ya saa 5 na dakika 29. Hebu niambieni hapo kwenye 0-40 kulikuwa na mbinu gani? Jamaa kapiga tu, mwenzake mkono ukawa mzito.

Msimamo wangu: tenisi ni miguu na moyo. Mbinu unaingia nazo uwanjani, hazipikwi mle ndani. Anayebisha alete mechi, asilete maneno ya makochi.

ChipsiMayai #2

Nimekaa pale nasubiri mzee wa slaisi aamke.

Slaisi_ya_Tanga #3

Nimeamka.

Mleta mada umeleta ushahidi unaokufunga mwenyewe. Irudie hiyo ya 2022 uangalie bekhendi ya Nadal tu (pigo la upande wa pili wa mkono wake wa raketi), achana na mengine. Seti mbili za mwanzo anakubali mchezo wa mipira mirefu na mtu ambaye hiyo ndo kazi inayomlisha, Medvedev anasimama kule nyuma kabisa anarudisha kila kitu hata ukimtupia kiti anakurudishia. Kuanzia seti ya tatu unaona slaisi (mipira ya kukata) za chini zinazokaa magotini, dropshoti (mipira mifupi inayodondoka karibu na neti), kupanda netini, na ile bekhendi ya kunyoosha pembeni ya mstari. Mtu ana urefu karibu mita mbili unamwinamisha, unamwita mbele, unamrudisha nyuma, unamwita tena. Unasema miguu ya Medvedev iliisha, mi nakwambia ilimalizwa. Kuna tofauti kati ya mshumaa kuisha na mshumaa kupulizwa.

Mguu_wa_Kushoto #4

Mzee wangu shikamoo, maneno matamu lakini dropshoti alianza nazo tangu seti ya kwanza, zilikuwa haziingii tu. Kitu kilekile kikikataa ni upuuzi, kikikubali kinaitwa mbinu. Ndo ninachosema mimi.

Mama_Raketi #5

Marahaba yake nakupokelea mimi maana huyo mzee hajui kuitikia 😂

Ila mwanangu Mguu hesabu yako haikai. Kama ni miguu, Nadal alikuwa na miaka 35 na katoka kukaa nje miezi kwa sababu ya mguu wenyewe, Medvedev 25. Kwa kanuni yako kijana ndo alipaswa amalizie mzee seti ya tano. Sasa nani alikata pumzi kabla ya nani na kwa nini?

Hesabu_Kali #6

Mnabishania kivuli wote wawili. Federer alivyohutubia wahitimu pale Dartmouth 2024 alisema kacheza mechi 1,526 za mmoja mmoja, kashinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizoshinda ni asilimia 54 tu. Asilimia 54! Maana yake yule ambaye wengi wanamwita bora wa wakati wake alikuwa anapoteza karibu pointi moja kila mbili.

Hiyo Roland Garros 2025 Sinner alimaliza na pointi nyingi kuliko bingwa, 193 kwa 192. Wimbledon 2019 Federer 218, Djokovic 204, na kombe kalichukua Djokovic, 13-12 seti ya tano, tena Federer alikuwa 8-7 na 40-15 anasevu. Pointi mbili zikienda huku tunaandika uzi mwingine kabisa, "Federer alivyombadilikia Djokovic". Mechi inaamuliwa na vipointi vichache halafu sisi tunakaa kwenye kochi tunavitafutia hadithi.

mtoto_wa_ukuta #7

Yaani mimi nilijifunza kwa kupiga ukuta wa shule na ukuta haujawahi kubadilisha mbinu na haujawahi kupoteza. Naunga mkono hoja ya mleta mada.

ChipsiMayai #8

😂😂😂 huyu apewe uenyekiti

Kochi_Mchanga #9

Habari zenu. Mimi nafundisha, nilianza kama mwokota mipira kwenye klabu moja hapa Dar kama wengi wetu tunaofundisha, ukiokota mipira miaka unaona mechi za kila aina kabla hujamiliki raketi. Mguu kasema tusilete maneno ya makochi ila naomba niyalete hayohayo.

Shida ya mjadala huu ni neno kubadilisha. Watu wanadhani kubadilisha ni kwamba mtu wa nyuma anageuka mtu wa netini ghafla. Hakuna anayeweza hivyo, si Nadal si nani. Kinachobadilika ni vitu vidogo: unasimama wapi kupokea sevu, sevu unaipeleka wapi, mpira unaupitisha juu ya neti kwa kiasi gani, na unakubali kubadilishana mipira upande gani. Ukisogea hatua mbili nyuma kupokea sevu, huo ni mchezo mwingine kabisa na mtazamaji wa jukwaani hajaona kitu.

Wanafunzi wangu nawaambia wakiwa nyuma wajiulize swali moja tu wakati wa kubadilishana upande, zile pointi za gemu mbili zilizopita nani alizimaliza? Kama ni wewe unatupa nje na unatupa netini basi usibadili mbinu, punguza haraka, inua mpira. Kama ni yeye anakupiga pointi safi, angalia anazipiga kutokea wapi, halafu mnyime ile sehemu. Basi. Una sekunde 90 umekaa kwenye benchi na sekunde 25 kati ya pointi na pointi, huo siyo muda wa kuandika kitabu.

Na wengi wanabadilisha mapema mno. Gemu mbili za mwanzo zimeenda vibaya mtu keshatupa kila alichofanyia mazoezi. Huyo hana plani B, ana hofu.

Lobu_Lobu #10

@Kochi_Mchanga unasema umekaa kwenye benchi unajiuliza mwenyewe, sasa kuna faida gani kuwa na kochi kama haruhusiwi kusema chochote mechi ikiendelea? Serena alipewa onyo kwa hilo hilo.

Slaisi_ya_Tanga #11

Umelala sana Lobu. Hiyo ya Serena ni fainali ya US Open 2018 na Osaka, kochi wake Mouratoglou akafanya ishara kutoka jukwaani na baadaye akakiri mwenyewe kwamba ndiyo alikuwa anamfundisha. Lakini ATP (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume) walianza majaribio ya kuruhusu kochi aseme kutoka kwenye kiti chake tangu Julai 2022, na kuanzia Januari 2025 ITF (shirikisho la tenisi duniani) imeweka kwenye sheria kabisa. WTA (wa wanawake) kwenye mashindano yao ya kawaida walikuwa wanaruhusu kochi kushuka hadi uwanjani miaka mingi kabla ya hapo. Siku hizi mchezaji akipoteza pointi anakimbilia upande wa kochi wake kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Mguu_wa_Kushoto #12

Asante mzee kwa kunisaidia. Kwa hiyo kumbe siku hizi "kubadilisha mbinu" ni kelele za mtu aliyekaa kivulini na chupa ya maji. Tangu waruhusu mbona hatujaona watu wakitoka nyuma kila siku? Si wote wana makochi?

Kochi_Mchanga #13

Kwa sababu na wa upande wa pili anaye kochi 😅

Nyali_Lefty #14

Wasee niaje, naongea kutoka Mombasa. Nyinyi mnaongelea Melbourne na Paris, mimi niwape ya hapa nyumbani. Njooni mcheze pwani kusi ikivuma, Julai Agosti hivi, halafu mniambie kama mbinu haibadiliki ndani ya mechi. Viwanja vingi vimejengwa vikielekea kaskazini na kusini ndio jua lisikuumize macho, so kusi inakupiga kwa urefu wa uwanja. Kila mkibadilishana upande unacheza mechi tofauti!! Upepo ukiwa mgongoni mwako ukipiga lobu (mpira wa juu wa kumpita mtu kichwani) imeenda kwa jirani, lazima topspini (mpira uzunguke kwenda mbele ushuke haraka) na upande netini maana yule mwenzako mpira wake unakuja mzito. Ukiwa unaukabili, hapo piga kwa nguvu zako zote hautatoka, na lobu sasa ndio silaha, na dropshoti inakufa palepale.

Nilicheza na jamaa fulani wa Nairobi, kijana ana fohendi kali sana, mimi nina miaka yangu na tumbo langu. Gemu nne za kwanza nilikuwa sioni mpira. Lakini nikagundua kila akiwa upande wa kukabili upepo mipira yake inaanguka fupi na hajui ni kwa nini, anaiangalia raketi yake kama imemkosea. Nikawa nasogea ndani, namchukulia mapema. Upande ule mwingine nilikuwa nampa gemu, narudisha tu sitaki kuchoka. Tukaenda hivyo hadi mwisho na yeye hakubadilisha kitu, akashindwa na mzee. Sasa @Mguu hiyo ni miguu ipi? Yangu??

Hesabu_Kali #15

Hiyo siyo upepo peke yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka na kwenda mbali. Akishuka pwani pigo lilelile linaanguka fupi. Jamaa alikuwa amepigwa na hewa nzito kabla hajapigwa na wewe.

Nyali_Lefty #16

Wewe ata ushindi wa mzee unataka kuupatia hewa. Haya ni sawa, lakini si mimi niliona na yeye hakuona? Kuona ndio mbinu yenyewe.

kidosho_wa_kigamboni #17

Mleta mada kaomba mechi, haya chukua. Michael Chang na Lendl, Roland Garros 1989, raundi ya nne. Dogo ana miaka 17, Lendl ndo namba moja duniani, seti mbili za kwanza kala 4-6, 4-6. Misuli inamkaza hawezi kusimama. Akaanza kupiga mipira ya juu juu kama ya watoto, na kwenye mechi pointi (pointi ya kumaliza mechi) akasevu kwa chini, Lendl akachanganyikiwa, dogo kashinda. Kama hiyo siyo kubadilisha mbinu ndani ya mechi mi sijui ni nini.

Slaisi_ya_Tanga #18

Sahihisho dogo hapo kidosho. Sevu ya chini haikuwa mechi pointi. Ilikuwa seti ya tano Chang anaongoza 4-3, anasevu, 15-30. Mechi pointi ilikuwa Lendl ndo anasevu, Chang akasogea mbele karibu kabisa na mstari wa boksi la sevu kupokea sevu ya pili, watu jukwaani wakaangua kelele, Lendl akapiga dabo folti (sevu zote mbili zikakosa). 6-3, 6-3, 6-3 seti tatu za mwisho. Na dogo akaenda kuchukua kombe lenyewe.

Lakini mfano wako ni mzuri kuliko mifano yote humu.

Mguu_wa_Kushoto #19

Ni mzuri kwangu mimi! Chang alisevu kwa chini kwa sababu gani? Misuli imekaza, hawezi kujinyoosha kusevu kawaida. Alipiga mipira ya juu kwa sababu gani? Hawezi kukimbia. Sasa hiyo ni akili au ni mwili umegoma na akili ikafuata nyuma? Mtu gari limekatika breki likapanda kwenye tuta likasimama, mnasema dereva ana mbinu.

Mama_Raketi #20

Hapo sasa umesema kitu cha maana kuliko vyote tangu uanze. Ngoja nikuongezee nyama mwenyewe. US Open 2023 fainali, Djokovic na Medvedev. Seti ya pili peke yake ilienda saa moja na dakika 44, Djokovic unamwona kabisa anashika magoti, mipira mirefu haiwezi tena. Akafanyaje? Akaanza kusevu na kupanda netini, sevu na voli (kupiga mpira kabla haujadunda), sevu na voli, kwa sababu Medvedev yuko kule nyuma anapokelea sevu karibu na ukuta, mpaka mpira umfikie Djokovic kashafika netini. Alishinda karibu kila alipofanya hivyo. 6-3, 7-6, 6-3.

Kwa hiyo ndiyo, mwili ulimgomea kwanza. Ila mwili ukigoma wachezaji mia wanakufa palepale nyuma, yeye alikuwa na kitu kingine mfukoni cha kutoa. Mwili unasema nini hakiwezekani, hausemi ufanye nini badala yake. Hapo ndo mi naona mbinu inaanzia.

Kochi_Mchanga #21

Mama umemaliza. Na hicho cha mfukoni lazima kiwe kimefanyiwa mazoezi kabla. Mimi nina mwanafunzi akibanwa anaanza kupiga dropshoti na hajawahi kuipiga mazoezini hata siku moja, anaita ubunifu.

mtoto_wa_ukuta #22

Kochi usinitaje jukwaani tuliongea 😭

Mpenda_Udongo #23

Naomba nitie ndimu. Arthur Ashe, Wimbledon 1975, alivyomfunga Connors 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Huyu ndo baba wa mbinu na ndo Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon. Ashe kwa kawaida alikuwa mtu wa kupiga mabomu, Connors alikuwa anayapenda mabomu, ukimpa nguvu anakurudishia mara mbili. Siku ile Ashe akaondoa nguvu yote. Mipira laini, chini, kwenye fohendi ya Connors, sevu za slaisi zinazotoka nje mbali, lobu. Connors akawa anapiga hewa. Mtu ana karibu miaka 32 anabadilika kabisa kuwa mtu mwingine.

Hadija_wa_Makadara #24

Mwanamume mweusi wa kwanza, kaka. Althea Gibson alishinda Wimbledon 1957 na 1958 wanawake. Msimsahau dada wa watu kila siku.

Slaisi_ya_Tanga #25

Hadija asante, kila mwaka lazima mtu amsahau.

Na Mpenda_Udongo, Ashe hakubadilisha kitu ndani ya mechi. Alikuja na plani hiyo kutoka chumbani. Tena sehemu tamu ni hii: Connors kachukua seti ya tatu, ya nne akaongoza 3-0. Hapo binadamu wa kawaida anasema hii plani imekwisha ladha narudi kwenye mabomu yangu. Ashe akakaa nayo hivyohivyo akashinda 6-4. Mimi ni mtu wa kubadilisha na nakubali kwamba ushujaa wa mechi ile ulikuwa kutobadilisha.

Mguu_wa_Kushoto #26

NAOMBA HII POSTI #25 IBANDIKWE JUU KABISA.

Na nyongeza: Australia 2024 fainali, Medvedev huyuhuyu maskini. Alijua miguu imechoka, raundi ya pili ilimalizika saa 9 na dakika 39 usiku, nusu fainali na Zverev alitoka nyuma seti mbili. Akaja na mbinu mpya kabisa, akasimama karibu na mstari, akapiga mapema, akashinda seti mbili 6-3, 6-3. Sinner akafanya nini? Hakufanya kitu! Alikaa pale pale anapiga vilevile akisubiri, Medvedev akaishiwa, 6-4, 6-4, 6-3. Aliyebadilika kapoteza, asiyebadilika kashinda.

Na Gaudio na Coria Roland Garros 2004, Gaudio kala 0-6, 3-6, Coria akakamatwa na misuli, Gaudio kaokoa mechi pointi mbili, 8-6 seti ya tano. Nitafutieni mbinu hapo nawapa wiki.

Hesabu_Kali #27

Sinner "hakufanya kitu" umepimaje? Mi naweza kusema alianza kusevu vizuri zaidi na wewe ukasema hapana. Hakuna anayeweza kuthibitisha hapa bila takwimu za kila pigo.

Kochi_Mchanga #28

Na Sinner mwenyewe baada ya kupigwa na Alcaraz fainali ya US Open 2025, 6-2, 3-6, 6-1, 6-4, alisema kwa mdomo wake kwamba alikuwa anatabirika sana na lazima abadilike. Mtu anashinda kwa kutobadilika mpaka akutane na yule mmoja. Novemba akamfunga Alcaraz huyohuyo fainali ya ATP Turin, seti mbili kavu. Hiyo ni kubadilika kwa mechi hadi mechi siyo ndani ya mechi, najua Mguu atasema hivyo kwa hiyo nimesema mwenyewe kabla hajachapa.

mzee_wa_mkeka #29

Mimi sijawahi kushika raketi lakini nabeti live na ninawaambia siri. Angalia nani kaenda CHOONI. Mtu akipigwa seti mbili akaomba kwenda choo, weka pesa kwake. Djokovic ana digrii ya choo.

ChipsiMayai #30

Uzi umefika chooni, sasa ndo umenoga

Slaisi_ya_Tanga #31

Msicheke, mkeka ana hoja. Roland Garros 2021 fainali na Tsitsipas, Djokovic kapoteza 6-7, 2-6, akatoka uwanjani, karudi 6-3, 6-2, 6-4. Wimbledon 2022 robo fainali na Sinner, 5-7, 2-6, kaenda choo, karudi 6-3, 6-2, 6-2, na alisema aliongea na nafsi yake kwenye kioo. Tsitsipas naye US Open 2021 alikaa chooni kama dakika 8 kabla ya seti ya tano na Murray, Murray akalia dunia nzima ikasikia. ATP kuanzia 2022 wakaweka dakika 3 za choo na 2 za kubadilisha nguo.

Sasa swali: kule kwenye kioo Djokovic alibadilisha mbinu au alimkatia mwenzake moto wake? Sinner kakaa kwenye benchi dakika kadhaa anawaza "nimebakiza seti moja". Hayo mawazo ni sumu.

mzee_wa_mkeka #32

Mi sihitaji kujua sababu mzee wangu, mimi nahitaji odi.

Mama_Raketi #33

Na waliokwenda choo wakapoteza je, unawahesabu?

mzee_wa_mkeka #34

Hao siwakumbuki 😂

Nyali_Lefty #35

Tukiwa tunaongelea kutoka nyuma, mbona hakuna mtu ametaja Angella Okutoyi? Wimbledon ya juniors 2022, dabozi (wawili kwa wawili), na yule Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakarudi 6-4, 11-9 kwa ile taibreki ndefu ya pointi 10 inayochezwa badala ya seti ya tatu. Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la juniors. Kwa upande ule mwingine wa neti alikuwa Victoria Mboko wa Canada, na huyu Mboko wazazi wake ni watu wa Congo, mwaka wa 2025 akachukua Canadian Open pale Montreal, nusu fainali alipigwa seti ya kwanza 1-6 na Rybakina akaokoa mechi pointi akashinda, fainali tena seti ya kwanza 2-6 na Osaka, halafu 6-4, 6-1. Huyo msichana anaanzaga kuamka seti ya pili.

Hadija_wa_Makadara #36

Mboko kinachonifurahisha ni kwamba sura yake haikwambii kama anaongoza au anapigwa. Huenda mpinzani naye hajui ndo maana anachanganyikiwa. Hiyo nayo iingie kwenye orodha, kuficha.

Lobu_Lobu #37

Na sisi wa dabozi za wikiendi mnatushauri nini? Mimi na mwenzangu kila tukicheza na wazee fulani wanatupigia lobu juu ya kichwa cha aliye netini, tunakimbizana tunagongana. Tunajua kabisa watapiga lobu na bado wanatupiga.

Mama_Raketi #38

Hao wazee nawajua hata kama siwajui, kila klabu wapo wanne.

Rudini nyuma wote wawili. Usione aibu, wenye vyeo vyao wanafanya. Lobu haina maana kama hakuna mtu netini wa kuipitishia kichwani. Mtaona watapiga lobu mbili tatu kwa mazoea halafu watakwama, kwa sababu sasa inabidi wamalize pointi wenyewe na hawajazoea, wao wamezoea wewe umalizie kwa kukosea. Wakianza kupiga mipira ya chini kwa kukosa raha, hapo mmoja wenu apande kidogo kidogo. Na kwenye sevu ya kwanza pigeni mwilini, mzee ana mkono mzuri lakini hana nafasi ya kugeuza kiuno.

Lobu_Lobu #39

Shukrani mama. Jumamosi nitaleta mrejesho.

Mguu_wa_Kushoto #40

Wazee wakishindwa msiniambie mbinu. Mtakuwa mmewachosha.

Slaisi_ya_Tanga #41

Kijana njoo Tanga ucheze na mimi, nina miaka 61, miguu sina, nimebaki na slaisi tu. Nauli ya basi nalipa.

Mguu_wa_Kushoto #42

Nakuja mzee ila upepo na uwanja nachagua mimi.

Hesabu_Kali #43

Msisahau kuandika pointi zote, sitaki masimulizi.

kidosho_wa_kigamboni #44

Nje ya mada kidogo, @Hesabu_Kali hiyo ya hewa nyepesi imenikuna. Nahamia Arusha mwezi ujao, mipira ninayotumia huku Dar itafaa kule?

Hesabu_Kali #45

Itaruka ruka sana. Arusha iko kama mita 1,400 na ITF wana aina ya mipira ya sehemu za juu, kuanzia mita 1,219. Angalia kwenye kopo. Ukikosa tumia hiyohiyo ila kaza nyuzi za raketi kidogo na uzidishe topspini.

kidosho_wa_kigamboni #46

Hiyo mipira inauzwa wapi Arusha?

Kochi_Mchanga #47

Dukani sijaiona. Kuna mtu huwa anatoka nayo Nairobi, njoo PM nikuunganishe, ila anataka hela mkononi, ukimwambia utamlipa mwisho wa mwezi anapotea na namba anabadilisha.